Kwa Aziza, kuhusu Maneno ya Nyumba Mbili

Aziza, dada yangu,

Wanafunzi wa mwaka huu wameniomba niwasimulie jinsi wewe na mimi tulivyofanya kazi yetu ya mtaani, na mimi nimewasimulia nusu tu. Niliwaeleza namna ya kubisha hodi, namna ya kukaa kwenye kiti ulichopewa bila kukipangusa kwanza, namna ya kunyamaza mtu anapotafuta neno. Nusu ya pili nilishindwa kuisema mbele ya darasa, kwa sababu jina lako liko kila mahali ndani yake na sauti yangu bado haijazoea. Basi nakuandikia. Wenyewe wanaohusika nimewaomba ruhusa, na majina yao nimeyabadili kama ulivyokuwa ukisisitiza sikuzote. Wameniambia: andika.

Unakumbuka siku tuliyopangwa pamoja? Asistenti Muhindo, aliyetusimamia, alikuwa akiita wanafunzi wawili wawili. Utafiti wetu ulihusu familia za Butembo na Beni zinazopokea watu waliokimbia vita kutoka upande wa Oicha: wanalala vipi, wanapika vipi, wanagawana vipi jiko moja na choo kimoja. Alipotaja jina lako na langu, darasa lilicheka. Mimi binti wa Butembo, wa parokia na kwaya, ambaye nilikuwa sijawahi kulala nje ya milima hii. Wewe binti wa Beni, mtoto wa mzee Ramazani mwenye kamiyo, lori la mizigo, kitambaa kichwani na mdomo usiopumzika. Ulinijia ukicheka kama wengine.

"Kavira, ukitembea polepole nitakuacha kwa njia," ulisema. "Mi hapana zoea kungoja mutu."

Butembo ilikuzoesha. Ulitoka kwenye mji wa joto na tambarare, ukaja huku ambako kila mtaa una kilima chake na kila kilima kina kingine nyuma. Wiki ya kwanza tulipopanda kuelekea Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, ulisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, pumzi juu juu, viatu vyako vyeupe vimekuwa vyekundu kwa vumbi. Taximan mmoja alipunguza mwendo wa pikipiki yake. "Mama, tupande?" Ulimjibu bila kugeuka, "Endelea tu, papa, mi niko nafanya masomo." Nilicheka mpaka nikakaa chini kando ya njia. Nafikiri urafiki wetu ulianza pale.

Kazi yenyewe haikuanza kwa kicheko. Nyumba ya kwanza walitufungia mlango. Ya pili, baba mmoja alitusikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kizingiti, kisha akasema, "Bengine balikuyaka hapa. Baliandika majina yetu, baliandika bagonjwa yetu, balienda. Sasa nyinyi munatafuta nani?" Hakuwa mtu mbaya. Tangu ule ugonjwa mkubwa uliopita kwetu, yeyote anayeingia uani na kalamu anafanana na wale waliokuja kuchukua wagonjwa, na wengi waliochukuliwa hawakurudi. Mimi nilianza kumweleza habari za chuo na za ruhusa tuliyopewa na chefu wa mtaa. Ulinivuta mkono.

"Papa, uko na haki," ulimwambia. "Leo hatuulizi kitu. Tunaomba tu maji ya kukunywa. Mulima yenu imetuua."

Alitazama viatu vyetu vyenye vumbi, kisha akamwita mkewe alete maji. Tulikunywa, tukashukuru, tukaenda zetu. Wiki iliyofuata ni yeye aliyetupeleka kwa majirani zake, akitutangulia mlango kwa mlango na kusema kwamba hawa watoto hawana ubaya. Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Mama Kahambu.

Alikuwa akiishi katika chumba cha nyuma, kwenye ua wa binamu yake, yeye ambaye huko karibu na Oicha alikuwa na nyumba yake na shamba lake la kakao. Tulimkuta akipura maharagwe juu ya turubai. Ulikaa chini ukaanza kupura pamoja naye kabla hata hatujajitaja. Saa ya sala ya alasiri ilipofika, nilikuona unaangalia huku na huku, kwa maana ua ulikuwa umejaa maganda na kuku. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Mwana, unatafuta fasi ya kuombea?"

Akaingia chumbani, akatoka na kitenge kilichokunjwa vizuri, akakitandika kando ya ukuta na kuwafukuza kuku. Rozari yake ilikuwa shingoni. Ulisali, naye akapunguza mapigo ya fimbo yake ili kelele zisikusumbue. Nilikaa pale nikiwatazama ninyi wawili, na nakumbuka nilijisikia vizuri kuwa mtu wa mji huu.

Ulipomaliza, alianza kuzungumza mwenyewe. Tulimkatiza kidogo ili tumsomee ahadi tuliyoisoma katika kila nyumba: utakachotuambia kitabaki kwetu, jina lako halitatoka. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Asubuhi ile alikuwa shambani na binti yake Masika, wakianika kakao. Waliposikia risasi upande wa barabara, walianza kukimbia pamoja. Kisha Masika akasimama. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbuzi, wamefungwa, na hakutaka wafie kwenye kamba.

"Nikamuita, Masika, acha mbuzi! Yeye akarudi mbio. Nikamungoja pale kwa mugomba. Batu banapita, banapita. Halafu balinivuta mukono, nikaenda. Mi hapana muona tena."

Mtu mmoja wa kijiji chao alimwambia baadaye kwamba wote waliobaki upande ule walikufa. Alingoja habari nyingine, haikuja. Mwishowe alikwenda kwa padri akaomba misa ya marehemu. "Ile misa ilinipa usingizi," alisema. "Kulia hapana isha. Lakini nalala."

Tuliteremka kilima. Ulipofika chini ulininunulia hindi la kuchoma, ukalikata katikati, na tukala tukiwa tumesimama, huku ukungu ukishuka juu ya mabati ya mji.

Ilipofika zamu ya Beni, mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Mama yako alinipa kitanda chako na akakutandikia wewe mkeka, ukalalamika mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilikuwa sijapata kulala kwenye joto namna ile, wala kuamshwa na adhana. Mama yako aliogopa kwamba sishibi. Kila nikisema basi, aliongeza kijiko kingine cha sombe, yale majani ya muhogo, na wewe ukanicheka, "Kavira, kwetu basi ni jina ya gari."

Nyumba mojawapo tuliyoitembelea ilikuwa ya Swedi, dereva aliyezoea kusafiri na baba yako. Mama yake Swedi alikuwa amempokea msichana aliyefika peke yake kutoka upande wa Oicha, na baada ya muda mrefu wa kuishi naye kama mtoto wa nyumba, Swedi alimwoa. Sasa aliitwa Mariamu. Alitupokea na mtoto mgongoni, akajibu maswali yetu kwa ufupi, kwa adabu, macho kwenye sakafu. Tulimsomea ahadi yetu naye pia. Kisha ulimuuliza lile swali la kawaida: siku ile mulitokaje?

"Tulikuwa na mama kwa shamba," alisema. "Tukakimbia pamoja. Halafu nikakumbuka mbuzi, yote ilikuwa imefungwa. Nikarudi kuifungua. Niliporudi kwa mugomba, mama hapana. Nikaita, nikaita. Batu balisema bale balienda njia ya Butembo balikufiaka njiani bote."

Mimi niliweka kalamu chini. Wewe uliendelea kuinama kama unayeandika, lakini mkono wako ulikuwa umesimama. Ukamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa mama yake aliitwa nani.

"Kahambu," alisema.

Tulimshukuru, tukaaga. Mara tu tulipovuka kona, nilikushika. "Turudi, Aziza. Turudi tumwambie sasa hivi."

"Tumuambie nini?"

"Mama yake ni mzima! Anamlilia kama maiti!"

"Mama alituambia maneno yake, tukamuahidi. Na huyu pia tulimuahidi. Hii maneno si yetu, Kavira."

"Lakini ni mama yake."

"Njo maana hatuwezi," ulisema. Macho yako yalikuwa yamejaa, ila hukulegeza. "Kama ingekuwa kitu kidogo, ningerudi sasa."

Nilikukasirikia siku nzima. Jioni tulimpigia simu Asistenti Muhindo, tukamweleza bila kutaja majina. Alituomba turudie tangu mwanzo. Kisha akasema kwamba amesoma vitabu vingi vya kufundisha utafiti na hajaona ukurasa wa jambo kama hili. "Rudini kwa mwenye maneno," alisema. "Muombe yeye. Na mumuombe bila kumpa tumaini ambalo hamna uhakika nalo."

Tulirudi Butembo. Kwa Mama Kahambu ulizungumza wewe, na najua ulikuwa umeyarudia maneno yale kichwani njia yote. "Mama, kazi yetu inatufikisha mbali. Tukikuta mutu mwenye anajua batu ba kwenu, tunaweza kumuambia kama uko hapa?"

Hakuacha hata kuchagua mchele. "Museme tu. Mi najificha kwa nani? Mwenye angenitafuta alishakufaka."

Ulitoka nje ukasema moshi wa jikoni umekuingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nilidhani kilichobaki ni chepesi. Tulishuka tena Beni, tukamkuta Mariamu peke yake na mtoto, tukamwambia. Kwanza alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyefanyiwa mzaha. Ulimweleza chumba cha nyuma, kikohozi cha mama yule, jinsi anavyokunja kitenge. Akakaa chini pale pale alipokuwa. Alilia kwa muda mrefu, na mtoto akalia naye, ukamchukua mtoto. Tulipofikiri sasa atauliza njia, alijifuta uso akasema, "Musimuambie."

Nilifungua mdomo, ukanigusa goti.

"Munaona hii kitambaa?" alisema. "Mama yangu ni mutu ya misa kila siku. Alitaka nikuwe masera, mutawa wa kanisa. Mi nilipendaka Swedi, sikulazimishwa na mutu, na dini yake niliipenda. Sasa mama akiniona hivi? Amenililia kama mutoto wake amekufa. Atanilia tena kama mutoto wake ameharibika. Musimuambie."

Njiani nilikukumbusha kile kitenge. Mama Kahambu alikutandikia usali, aliwafukuza kuku kwa ajili yako; angewezaje kumkataa binti yake? Ulitikisa kichwa. "Mimi ni mugeni, Kavira. Mugeni anapewa yote. Mutoto ni kitu ingine."

Basi tukangoja. Msimu wa mvua ulikuja, njia zikawa utelezi, tukaandika kurasa zetu tukiwa tumejifunika blanketi moja katika chumba changu, wewe ukilalamika juu ya baridi na mimi juu ya tahajia yako. Kila tulipokwenda kwa Mama Kahambu, tulikaa na jambo lile kifuani. Alitupa chai, alitueleza ndoto zake. Mara moja alikutazama sana akasema umepungua, ukamwambia ni masomo.

Beni ulikuwa ukishuka kila ulipopata nafasi kwenye kamiyo ya baba yako, na kila mara ulipitia kwa Mariamu. Hukumsihi hata siku moja. Ulikaa, ulimbeba mtoto, mlizungumza habari za soko. Wakati wa kuaga tu ndipo alipokuuliza, na kila mara lilikuwa swali moja. Anakohoa bado? Ana blanketi? Bado anaimba akipika? Ulinisimulia maswali hayo huku ukicheka kidogo, na mimi nilianza kuelewa kwamba msichana yule alikuwa amekwisha kuanza safari, ila kwa hatua zake mwenyewe.

Kisha siku moja alikushika mkono mlangoni. "Mumuambie," alisema. "Lakini mumuambie yote. Kitambaa, bwana, mutoto. Sitaki akuje kutafuta Masika halafu akute mimi."

Nilikuambia mimi ndiye nizungumze, kwa kuwa ni mtu wa parokia moja naye, labda yatapita kwa urahisi. Ulikataa. "Akitaka kukasirikia mutu mwenye kitambaa, anikasirikie mimi kwanza," ulisema.

Tulimkuta akimenya viazi. Ulipiga magoti mbele yake, kama unavyopiga mbele ya mama yako, ukashika mikono yake na kisu kikiwa bado ndani. "Mama, Masika yuko muzima. Tumemuona na macho yetu. Yuko Beni."

Sijapata tena kuona uso wa mtu ukifanya vile. "Nyamuhanga wangu, Mungu wangu," alisema, na akarudia, na akarudia. Alitaka kusimama, akashindwa. Alitaka kwenda siku hiyo hiyo, kwa miguu kama gari halipo. Ulimwacha afurahi. Kisha ukasema, "Iko ingine, mama," na ukamwambia yote, taratibu, bila kuruka kitu na bila kupamba kitu.

Aliacha kulia. Alitazama viazi vyake. Binamu yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alijiondoa.

"Sasa anaitwaka nani?" aliuliza.

"Mariamu."

Alitikisa kichwa polepole. "Hapana. Mi nilizaa binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza ni Masika. Hiyo hapana mutu anaweza kubadilisha. Hata akienda mupaka Maka, atarudi wa kwanza."

Ulisema, "Ndiyo, mama," kwa unyenyekevu kabisa. Kisha akatuomba tumwache peke yake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Tuliketi kwenye turubai tupu kwa muda tukisubiri. Hakutoka. Ukasema tumeharibu, na mimi, niliyekuwa nimekusukuma tangu mwanzo, nikaanza kuokota maganda ya viazi.

Alinyamaza mpaka mvua zikapungua. Halafu Jumapili moja baada ya misa alikuja kwetu nyumbani, amevaa vizuri, akakataa kukaa. "Ile kamiyo ya baba ya Aziza inashukaka siku gani?" aliuliza.

Baba yako alimweka kiti cha mbele, sisi tukapanda nyuma juu ya magunia. Njia yote nilimwona kupitia dirisha dogo la nyuma, bega lake tu na mkono wenye rozari. Baba yako alikuwa akimwambia habari za barabara, mahali palipoharibika na mahali palipotengenezwa, kama vile safari ile haikuwa na lolote la ajabu. Nafikiri ndivyo alivyomsaidia. Kwenye vizuizi vya askari alisema, "Nampeleka mama kusalimia mutoto wake," na walitupisha.

Mariamu alikuwa amesimama langoni. Nadhani alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Mama Kahambu aliteremka, akanyoosha kitenge chake, akaenda mpaka mbele yake na kumwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Watu wa mtaani walisogea kutazama. Kisha akainua mkono akampiga begani kwa kiganja.

"Mbuzi!" alisema. "Kwa sababu ya mbuzi, Masika! Nilikuambia acha!"

"Niliifungua yote, mama," msichana alisema, machozi yakimtiririka.

"Yote?"

"Yote. Hata ile mbaya ya pembe moja."

Na mama yule akaanza kucheka. Alicheka na kulia na kumpiga tena begani, na Mariamu akamwangukia shingoni, na wewe ukanivuta mkono tukatoka njiani, kwa sababu pale hatukuwa na kazi tena.

Wewe unajua kwamba haikuisha hapo. Hakutaka kuingia ndani ya nyumba siku ile. Alikaa nje kwenye baraza, mtoto mapajani, akamjibu Swedi kwa heshima na kwa maneno machache, na jioni akasema anarudi Butembo. Kwenye kamiyo aliniambia mtoto ana macho ya marehemu mume wake. Baadaye sana akaongeza, "Ile nyumba, mwana, polepole. Polepole."

Tulipotetea mémoire yetu, ile tasnifu ya kumalizia masomo, mbele ya walimu, mmoja wao aliuliza kwa nini tumeondoa familia mbili kwenye kazi ilhali tulizitembelea. Wewe ulisimama ukasema, "Kwa sababu katika nyumba hizo mbili tuliacha kuwa watafiti, mwalimu. Isingekuwa haki kuandika kama tulibaki." Alikutazama juu ya miwani yake, akageukia ukurasa mwingine. Asistenti Muhindo, nyuma ya chumba, aliinamisha kichwa, na niliona anatabasamu.

Baada ya hapo ulirudi kwenu Beni, na mimi nikabaki hapa. Tulipigiana simu kila mtandao uliporuhusu. Ulianza kuzunguka na chama cha akina mama wanaopokea wageni wa vita, ukanieleza kila nyumba kama mtu anayesimulia ndugu zake. Siku nyingine ulinipigia ukasikiliza tu mvua ya Butembo kwenye mabati, ukasema unaikumbuka baridi yetu, na nikakuita mwongo.

Homa ilikuchukua kwa haraka mno. Mama yako alinipigia asubuhi akasema umelazwa, na kabla sijamaliza kufunga mfuko wangu alinipigia tena. Siku hiyo barabara ilikuwa imefungwa, askari hawakuruhusu gari kupita. Nilifika kesho yake. Walikuwa wamekwisha kukuzika, kama dini yenu inavyotaka, na nilikuta ua umejaa viatu vya wageni na baba yako amekaa kwenye kiti cha plastiki. Alinishika mkono, akaniambia, "Ingia kwa bamama."

Niliingia. Wanawake walikuwa wamekaa chini wamebanana, vitambaa vyeupe na vyeusi, na sauti ya kisomo ikitoka chumba cha pili. Katikati yao, ndani kabisa, karibu na mama yako, alikuwa amekaa Mama Kahambu. Alikuwa na rozari yake shingoni na khanga ya kuazima kichwani. Masika alikuwa upande wake wa pili. Mama Kahambu hakuwa amekuja kama mimi, kwa kuitwa; alikuwa kwa binti yake tangu juma lililopita, akilala ndani ya nyumba ile. Yeye na Masika walikuwa wamesaidia kupika tangu alfajiri. Aliponiona alisogea, akanipisha nafasi ndogo kati yake na mama yako.

"Ikala hapa," alisema. "Sisi bote ni bafiwa."

Nilikaa. Mama yako alilaza kichwa begani kwangu. Sikuelewa maneno ya kisomo, wala Mama Kahambu hakuyaelewa, lakini midomo yake ilikuwa ikienda, na mtu hakumuuliza anasema sala gani.

Nilikuwa na hasira kwa muda baada ya hapo, nisikufiche. Nilipita Rughenda nikageuza uso. Sikutaka kusikia mtu akiniambia kwamba uliishi vizuri, kana kwamba hilo linatosha. Sasa hasira imetulia. Nimepewa kazi ya kuwasimamia wanafunzi, nami, kama Asistenti Muhindo, nawapanga wawili wawili, na napenda kumpanga anayejua njia na asiyeijua. Juzi msichana mmoja aliniuliza afanye nini akisikia jambo ambalo hawezi kulibeba. Nilimwambia aje anitafute, tutalibeba pamoja. Ni jibu dogo, lakini ndilo nililo nalo, na nililipata kwako, kwenye lile blanketi moja.

Kuna habari moja nilitaka uisikie kutoka kwangu. Wiki iliyopita simu yangu ililia, ikawa Mama Kahambu, kutoka Beni. Kabla hajamaliza salamu, Masika alimnyang'anya simu. Kisha mama akaichukua tena. Wamegombana, Aziza. Wamegombana kwa sababu ya chumvi kwenye sombe, na namna ya kumfunga mtoto mgongoni, na nani alisema nini mbele ya Swedi. Kila mmoja alitaka niseme kwamba yeye ndiye mwenye haki. Mama anasema huyu mutoto hapana sikia kitu, tangu kuzaliwa hapana sikia. Masika anasema mama anamtendea kama angali na miaka kumi. Walipiga kelele mpaka salio likaisha.

Nilibaki nimeshika simu, nikicheka peke yangu katikati ya njia, na taximan akanipigia honi niondoke. Wanagombana kama mama na mtoto ambao hawajawahi kupoteana. Ulifanya hivyo, dada. Nilitaka tu ujue.

Pumzika, na Mungu wako na wangu akuweke mahali pa raha. Mimi nitawasalimia wazazi wako Idi ikifika.

Dada yako wa Butembo,
Kavira